Sindano Tuliyoachana Nayo

Jengo la mafundi simu lilikuwa na ghorofa tatu na kelele za ghorofa kumi. Kila mlango spika inapiga, kila kibanda kuna mtu anaapa kwamba simu aliyouza jana ilitoka mikononi mwake ikiwa nzima. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye kibanda chembamba kama kabati, alikaa msichana mwenye kitambaa cha kijani kichwani, jicho moja amelibandika kwenye lenzi, kibano mkononi, akikaza skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari. Walimwita Sindano. Si kwa wembamba, maana mwili alijaliwa, ila kwa mkono. Ulikuwa ukipita salama pale ambapo mikono ya wenzake ilivunja.

Siku hiyo akaja kijana mrefu, shati la samawati kalikunja hadi viwikoni, ameibeba simu kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba kifaranga kilichokufa.

"Dada, hii itapona?"

"Imefanywa nini?"

"Ilianguka."

"Ilianguka au uliitupa?"

"Ilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi ngapi?"

"Zote."

Sindano akacheka, akamsogezea kigoda. Akaifungua ile simu, akang'oa kioo kilichopasuka vipande vipande, akaanza kuunganisha waya ambazo yule kijana hata kuziona hakuziona. Kijana akaacha kutazama simu, akawa anatazama vidole.

"Mkono wako hautetemeki kabisa," akasema.

"Unatetemeka nikikodolewa macho. Tazama kule."

Hakutazama kule. "Nikuulize kitu. Unaweza kuchukua uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ukaubandika mahali pake bila kukosea hata sehemu moja ya mia ya unywele huo?"

Sindano akainua jicho kutoka kwenye lenzi. "Kaka, unanitongoza au unaniajiri?"

"Naanza na kuniajiria. Samahani, na kukuajiri. Hilo jingine nitaleta maombi baadaye."

Ulimi ulimteleza namna hiyo mbele ya watu, na mafundi wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko mpaka mmoja akadondosha betri. Ndivyo walivyokutana.

Mwezi ulipogeuka, Sindano akajikuta ndani ya karakana nyeupe isiyo na vumbi, amevaa joho jeupe, kofia nyeupe na soksi za karatasi juu ya viatu. Humo walikuwa wanaunda kompyuta ya kwanta. Wengi wakisikia jina hilo hufunga masikio, lakini jambo lenyewe linaelezeka. Kompyuta tulizozoea huhesabu kwa umeme. Hii huhesabu kwa atomu, chembe zisizoonekana, zinazoning'inizwa ndani ya chupa iliyonyonywa hewa yote. Kinachozishika zisidondoke ni mwanga. Kinachozipoza zitulie ni mwanga. Na ukitaka kuziuliza hesabu, unaziuliza kwa mwanga, kila atomu na mwale wake.

Atomu zilipokuwa nane, haikuwa shida. Walipanga vioo na lenzi juu ya meza kubwa kama kitanda cha watu wanne, wakaelekeza miale mmoja mmoja. Mtu akipiga chafya, kioo kikasogea, kazi ya wiki nzima ikapotea. Lakini atomu nane hazina maana. Kompyuta ya kufaa watu inataka maelfu, na vioo vya maelfu ungevipanga wapi, mpaka juu ya paa?

Yule kijana wa ngazi ndiye aliyekuwa akichora jibu. Alichora njia za mwanga ndani ya kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chipu, ili mwanga upite humo ukijigawa na kupinda kama maji kwenye mifereji ya bustani, utokee upande wa pili ukiwa umegawika mara mia na zaidi. Meza nzima ya vioo iingie kwenye ukucha. Na kwa kuwa mchana kutwa aliwaza namna ya kuupindisha mwanga, karakana nzima walimwita Kona.

Kazi ya Sindano ilikuwa kuleta mwanga mlangoni. Nyuzi thelathini na mbili za kioo, kila uzi na mwanga wake, aziunge ubavuni mwa chipu kwa gundi. Gundi yenyewe ilikaushwa kwa taa ya zambarau, na ikishakauka hairudi nyuma.

Maombi ya Kona hayakuchelewa. Yalikuja kwa simu, jioni, wakati Sindano anamsaidia dada yake kukunja vitambaa. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno, aliyeachwa na mume bila kuambiwa kosa, na tangu siku hiyo alimtazama kila mwanamume kama mshono uliokaribia kufumuka.

"Umeshakula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikwambii, utatamani."

"Mimi natamani mpikaji, sihitaji chakula."

"Mpikaji ni dada yangu. Nikupe simu uongee naye?"

"Hapana! Nisalimie tu."

"Mwambie simu yake inaniunguzia nguo kwenye pasi," akasema dada, bila kuinua kichwa.

Waligombana pia, ugomvi wa wapenzi usio na sumu. Mmoja ulikuwa wa michoro. Kona alichora chipu kama anavyoiona yeye, kutoka juu. Lakini Sindano alipounga, chipu ililazwa kifudifudi, tumbo chini, na kila kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Basi kila mchoro ilimbidi augeuze kichwani, uzi wa kwanza uwe wa mwisho, wa mwisho uwe wa kwanza.

"Siku moja utanichorea kama ninavyoona mimi, au mpaka nife?"

"Si unajua kugeuza?"

"Najua. Hata kulala chali najua, lakini sili chakula nikiwa chali."

Ugomvi mwingine ulizaa kitu kikubwa. Kona alikuwa akisumbuliwa na kona zake. Mwanga ukifika pale unapopinda, sehemu yake huvuja na kupotea. Kwa atomu nane unavumilia. Kwa mia, unafika mwisho wa njia mwanga umekwisha. Sindano alimwona amejishika kichwa mbele ya mchoro, akavuta kiti.

"Wewe unakunja kwa ghafla," akamwambia. "Mimi uzi nikiukunja ghafla unalia, unavunjika. Nauanzisha polepole, nauzidishia katikati, halafu nauachia polepole. Unatii bila kujua umekunjwa."

Kona akainua kichwa. Akambusu kwenye paji la uso, mbele ya msimamizi, akakimbilia ofisini kwake bila kuaga. Tangu hapo kona zake zikaanza kwa upole, zikakaza katikati, zikaachia kwa upole, na mwanga ukaacha kuvuja ovyo. Habari zikavuma. Profesa, yule mama mkuu wa karakana aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani, akaanza kusema habari za atomu mia na ishirini na nane kwa chipu moja. Watu wakamsifu Kona. Sindano akangoja kusikia jina lake. Hakulisikia.

Hakuuliza. Alijiambia mpenzi wake ana siri ya kumfurahisha. Ajabu ni kwamba alijiambia kweli.

Asubuhi moja Kona akampigia kutoka chumba cha mikutano. "Roho yangu, Profesa anaingia. Nikitoka nakuita, nina la kukuonyesha." Akaitia simu mfukoni, akasahau kuikata. Sindano naye hakukata. Alikuwa peke yake kwenye benchi lake, akaiacha sikioni, akitabasamu kwa kumsikia mpenzi wake akiburuta kiti.

Akasikia sauti ya Profesa: "Na Sindano je?"

"Sindano tumeachana nayo, Profesa."

Tabasamu likamkauka.

"Mbona uliisifia sana?"

"Niliisifia kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilipoichunguza vizuri nikaona udhaifu wake. Ikipata joto kidogo tu inaharibika. Ile ilikuwa ya kujaribia. Sasa nimepata nyingine, laini, ukiona mwenyewe inavyojipinda utaipenda."

"Ninyi vijana!" akasema Profesa, na chumba kizima kikacheka.

Sindano akakata simu. Masikio yalikuwa yanawaka kama yamepakwa pilipili. Akakaa mbele ya lenzi nusu saa bila kuona kitu.

Alipofika nyumbani akamweleza dada yake neno kwa neno. Dada akasimamisha cherehani.

"Alisema 'nayo'?"

"Nayo."

"Hakusema 'naye'?"

"Nayo, dada. Kama ndoo. 'Ile ilikuwa ya kujaribia.' Hata ngeli ya watu amenitoa."

"Mtu mzima, mwenye baba na mama waliokuzaa, 'nayo'!" Dada akapiga mkasi mezani. "Sikiliza. Usilie. Ukilia utakuwa umemlipia nauli aende salama. Huyu umngoje pale anapopenda kuliko popote, umvunjie hapo hapo. Wangu aliniponyoka kwa sababu nilikuwa nalia."

Na Sindano hakulia. Moyo wake ukaanza kunoa kisu.

Kesho yake wakakutana kwenye korido. Kona ana uso wa mtu aliyebeba zawadi mgongoni.

"Jana nilikupigia mara sita, mpenzi."

"Habari ya asubuhi, Injinia."

"Injinia? Tangu lini?"

"Si ndiyo kazi yako? Naomba njia, nina gundi inakauka."

Akampita. Jioni simu ikalia, akaitazama mpaka ikachoka. Kona akahamia kwenye ujumbe wa sauti. Mmoja, wa pili, wa nne. Sindano hakuufungua hata mmoja, aliuacha ulundikane kama vyombo vichafu, na kila idadi ilipoongezeka alijisikia utamu fulani wa uchungu. Akimwona kwenye chumba cha chakula, macho mekundu, shati halijapigwa pasi, alitafuna taratibu na kusema moyoni, bado. Hujaonja bado.

"Amekonda," akamwambia dada yake.

"Hajakonda vya kutosha."

"Jana alinisimamisha. Akaniuliza, 'Nimekukosea nini, niambie nijue.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia niko salama kabisa, asante, sijui yeye."

"Hapo umenitoa machozi ya furaha."

Siku ikafika ya kuunga chipu kubwa. Wiki moja baadaye wageni wangekuja, wazito, walioshikilia uhai wa karakana, waone kwa macho yao atomu mia na ishirini na nane zikiongozwa na kipande kimoja cha kioo. Zikikaa, njia ya Kona ndiyo itakayofuatwa. Zikikimbia, wanarudi kwenye meza za vioo, na miaka mitatu ya Kona inaingia kabatini.

Msimamizi akamletea Sindano mchoro, akaenda zake. Nyuzi thelathini na mbili zimepangwa kwa rangi zao: hizi za mwanga wa kushika, hizi za kupoza, hizi za kuuliza. Chipu imelazwa kifudifudi. Sindano akaanza kugeuza kichwani kama siku zote, wa kwanza uwe wa mwisho. Vidole vikasita.

Leo sigeuzi, akajiambia.

Angeziunga kama zilivyochorwa, bila kugeuza. Palipotakiwa mwanga wa kushika pangefika wa kuuliza, na atomu zingetimka zote kama kuku waliotupiwa jiwe. Kipimo chake kisingemsaliti, kwa maana kile kipimo husema mwanga umeingia, hakisemi umeingia upi. Na nani angemlaumu? Mchoro si huu hapa, nimeufuata kama ulivyo, Injinia.

Alifanya kazi ile kwa ustadi kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomtisha baadaye alipokumbuka. Uzi kwa uzi, hakutetemeka. Akawasha taa ya zambarau. Gundi ikakauka. Akaondoa kibano, akatazama, akaona kazi nzuri ajabu. Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa sauti wa kumi na moja. Akaizima.

Kwa siku ya wageni dada mtu alimshonea gauni jekundu la nyanya, limebana kiunoni, limefunguka chini kama ua. "Pumzi zikimkatika, akuone na wewe ulivyo, zimkatike mara ya pili," akasema, akimng'olea uzi begani. Sindano akalivaa, akalifunika na joho jeupe, akaacha kifungo cha juu wazi ili wekundu uchungulie.

Wageni wakajipanga ukutani na soksi zao za karatasi. Kona alisimama karibu na mitambo, suti imemlegea, macho yamezama. Alimwona Sindano mlangoni, akamtupia tabasamu dogo la woga. Sindano hakulirudisha. Alikuwa amechagua pa kusimama mapema, mahali ambapo angeuona uso wake vizuri.

"Washa," akasema Profesa.

Skrini ilikuwa nyeusi. Sindano akahesabu moyoni. Moja. Mbili. Sasa hivi. Sasa hivi utajua "nayo" inaumaje.

Nukta moja ikawaka. Halafu mstari. Halafu safu juu ya safu, nukta nyeupe, zimetulia tuli kama shanga kwenye kitambaa cha mshonaji makini. Mia na ishirini na nane. Hakuna hata moja iliyotimka. Fundi wa leza akaiuliza safu ya tatu peke yake, ikazima, ikawaka. Akaiuliza ya saba, ikatii.

Ukumbi ukalipuka makofi. Sindano akabaki mdomo wazi. Hasira zikampanda mpaka kisogoni: hata kisasi changu kimehamia upande wake!

Mgeni mmoja, mzee wa tai, akaomba aelezwe mwanga unapindaje bila kupotea. Kona akaikuza picha ya chipu kwenye skrini, kona moja ikajaa ukuta mzima, imeanza kwa upole, imekaza katikati, imeachia kwa upole. Chini yake paliandikwa neno moja.

"Kona hii jina lake ni Sindano," akasema Kona, sauti ikikwaruza. "Kwenye michoro yetu kila umbo lina jina, na hili nimelipa jina la fundi aliyenifundisha. Sindano ya kwanza ilivuja ikipata joto, kosa langu, sikumsikiliza vizuri. Tukaachana nayo. Hii ni Sindano ya pili. Bila Sindano, hii... hii kona... na bila yule pale mlangoni, tungekuwa bado na atomu nane na meza."

Vichwa vyote vikageuka. Profesa, miwani kwenye paji la uso, akapiga makofi kuelekea mlangoni. Sindano alikuwa amejishika kwenye fremu. Nayo. Nayo! Aliachana nayo, ile kona, ile inayovuja. Gauni jekundu likawa linamuunguza chini ya joho.

Akatoka. Kona akamfuata kwenye korido, anakaribia kukimbia, uso umefunguka kama mtoto aliyepona homa.

"Nilijua! Nilipoona safu ya kwanza imekaa nikajua hukunichukia. Ulinisikiliza!"

"Nilisikiliza nini?"

"Ujumbe! Kwamba safari hii nimekuchorea kwa upande wako, chipu ikiwa kifudifudi, usigeuze. Ulinililia sana juu ya hilo. Nikasema kama maneno yamekushinda kuyapokea kutoka kwangu, labda mchoro utaupokea. Pembeni sikuandika kitu, nilitaka liwe letu wawili tu. Halafu nikaogopa, je, kama hatasikiliza, akageuza kama siku zote? Sikulala siku tatu. Lakini ulisikiliza, mpenzi wangu."

Hapo ndipo Sindano alipopewa uongo kwenye sahani, umeoshwa, umepambwa, umeletwa mpaka mdomoni. Kusema "ndiyo" tu. Neno moja, na wangekumbatiana pale pale kwenye korido, na asingejua mtu mpaka kiama. Aliufungua mdomo kulisema.

"Sikusikiliza," akasema. "Hata mmoja. Zote kumi na moja ziko humu hazijafunguliwa."

"Sasa ulijuaje usigeuze?"

"Sikujua. Niliacha kugeuza kwa makusudi. Nilitaka zitimke. Nilitaka uaibike mbele yao na mimi nikikutazama."

Akamweleza yote: simu iliyosahauliwa mfukoni, Profesa, kicheko, "nayo". Hakupunguza. Kona alisikiliza mpaka mwisho, na ule uso uliofunguka ukawa unajifunga kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ningechora kama siku zote..."

"Ungekwisha."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya 'nayo'."

"Kwa sababu ya 'nayo', na kwa sababu sikukuuliza."

Kona akacheka kicheko kikavu kisicho na meno. "Mimi kosa langu ni kuficha zawadi. Wewe ulinichimbia kaburi, ukalisawazisha na kingo." Akavua joho lake, akalitundika, akatoka nje. Hakugeuka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi kuanza, Sindano akasimama mbele ya Profesa na mafundi wote, akasema aliyoyatenda. Wengine walifikiri ni mzaha. Profesa akaishusha miwani machoni, jambo alilolifanya mara chache.

"Kazi imefanikiwa, wewe unajishtaki?"

"Imefanikiwa kwa mapenzi yake, si kwa uaminifu wangu. Mkono huu mnauamini bila kuukagua. Jueni ulichofanya."

Wakamwondoa kwenye benchi la kuunga miezi miwili. Wakampa kufuta vumbi mifuniko na kuosha vyombo vya kioo, na tangu siku hiyo kila uzi uliounganishwa ukawa unakaguliwa na mtu wa pili. Wale waliompigia makofi juzi wakawa wanampita kama nguzo.

Dada aliposikia akashika kiuno. "Umeshinda, halafu unakwenda kujipigia mpira kwenye goli lako! Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mimi nilikushonea gauni la ushindi!"

"Gauni zuri, dada. Mwenye gauni ndiye hakuwa mzuri."

Na Kona naye alikuwa na kisasi chake, maana si malaika. Alimpimia kwa kipimo kile kile alichopimiwa.

"Habari ya asubuhi, fundi."

"Nilikupigia jana."

"Niliona. Naomba njia, fundi."

Siku moja, siku tano, siku kumi na moja. Sindano akaujua utamu ule wa upande wa pili ulivyo, yaani hauna utamu wowote. Alijifungia bafuni na simu, akafungua ule ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, sauti ikianza na mizaha, ikamalizia kwa kuomba, na huyo mtu hakuwa anampokea tena. Siku ya kumi na moja akamwandikia mstari mmoja: *Nichukie kwa mdomo, nikusikie. Kimya kimetosha, nilikianza mimi.*

Hakujibiwa.

Jumamosi, saa sita mchana, duka la cherehani limejaa wateja na vipande vya vitambaa, akaingia kijana mrefu mwenye shati la samawati. Dada mtu akamtazama kuanzia viatu.

"Nimemfuata Sindano," akasema Kona.

"Sindano hapa ni nyingi. Nikupe ya mashine au ya mkono?"

"Naitaka ile..."

"Ile?"

"Yule! Yule, shemeji. Yule, yule."

Wateja wakashika midomo. Nyuma ya pazia, Sindano aliyekuwa akipiga pasi akaiweka pasi kando.

"Nani shemeji yako? Kaa hapo." Dada akamkalisha kwenye kigoda, akachukua utepe wa kupimia, akamzungushia shingoni kama anayempima kola. "Umemnyima usingizi mdogo wangu siku kumi na moja."

"Na yeye alininyima wiki tatu."

"Sikukuuliza hesabu. Umekuja kufanya nini?"

Kona akameza mate chini ya utepe. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya pazia: "Nimekasirika bado. Sitaki kudanganya. Nikikumbuka, napandwa na hasira. Lakini aliwekewa uongo mdomoni akautema, akaenda akajishtaki mahali asipoulizwa. Nimetafuta mtu mwingine wa hivyo nikamkosa. Nimekuja kumwambia kwamba nitakasirika nikiwa kwake, kila siku, mpaka ziniishie. Kama atanivumilia."

Pazia likasogea. Sindano alikuwa na mvuke wa pasi usoni, kanga ya kazi kiunoni, macho yamejaa.

"Hiyo ni posa au ni vitisho?" akauliza.

"Posa."

"Haina sauti ya posa."

"Shingo imebanwa, mpenzi."

Dada akavuta utepe inchi moja. "Jibu vizuri. Unaoa au nikaze?"

"Naoa! Naoa, jamani!"

Dada akamgeukia mdogo wake, utepe mkononi, akingoja amri. Duka zima likangoja. Sindano akamtazama yule mwanamume aliyekodoa macho kwenye kigoda, mekundu masikio yote mawili, akajifuta uso kwa upande wa kanga, taratibu, bila haraka yoyote.

"Kaza kidogo, dada," akasema. "Bado hajasema lini."